Firebrand: Kinga cha Moto au Mchochezi? Tafakuri Fupi juu ya Kisawe Kimoja cha Tafsiri

Utangulizi

Kila muhula, katika somo la Tafsiri la mwaka wa pili, huwapa wanafunzi habari fupi kutoka magazeti ya Kiingereza yanayochapishwa hapa Uganda ili waitafsiri kwa Kiswahili. Muhula uliopita habari yenyewe ilimhusu mbunge mmoja wa upinzani ambaye mwandishi alimtambulisha kwa neno moja tu: "firebrand". Niliposahihisha karatasi niliona kwamba karibu darasa zima lilikuwa limeandika "mbunge mchochezi". Wachache waliandika "mbunge machachari". Mwanafunzi mmoja, ambaye aliitii kamusi yake kikamilifu, aliandika "mbunge kijinga cha moto". Nilipolisoma jibu hilo darasani wenzake walicheka hadi nikalazimika kugonga meza.

Kicheko kile ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Darasa lilimcheka mtu asiyestahili kuchekwa. Jibu la yule kijana lilikuwa la ajabu masikioni, lakini halikumdhuru mbunge. Jibu la walio wengi lilipita kimya kimya kama jambo la kawaida, ilhali lilikuwa limemfungulia mbunge yule mashtaka. Katika Kiswahili cha leo, kumwita mtu mchochezi ni kusema kwamba ametenda kosa.

Hoja ya makala haya ni moja. Maneno "firebrand" na "mchochezi" yote mawili yametoka jikoni, kwenye moto wa kuni, na kila moja limepanda kutoka maana ya msingi hadi maana ya kitamathali. Hata hivyo, yameshika sehemu mbili tofauti za moto ule. Kiingereza kimemfananisha mtu na kuni inayowaka. Kiswahili kimemfananisha na mkono unaosukuma kuni. Kuni huungua, mkono hauungui. Mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo huweza kumhukumu mtu pasipo kujua.

Maana ya msingi na ya kitamathali katika Kiingereza

"Firebrand" ni neno ambatani. Sehemu ya kwanza ni moto. Sehemu ya pili, "brand", katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kipande cha mti kinachowaka. Kwa hiyo maana ya msingi ni kuni iliyoshika moto upande mmoja, ambayo mtu anaweza kuikamata upande usiowaka na kwenda nayo. Kuni ya namna hiyo ina kazi nyingi. Mtu huitumia kuangazia njia usiku, huipeleka kwa jirani aliyezimikiwa na moto, na adui huitumia kuchoma nyumba. Ni vyema tukumbuke kazi zote tatu, kwa sababu sitiari hurithi kutoka kwa kitu chenyewe.

Neno hilo hilo "brand" baadaye lilipewa maana ya alama inayopigwa kwa chuma cha moto juu ya ngozi ya ng'ombe, na hatimaye maana ya alama ya biashara. Sisi alama hiyo tunaiita chapa. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Matumizi ya kitamathali kwa mtu ni ya zamani sana. Katika Kiingereza yameonekana tangu karne ya 14. Sitiari yenyewe ni ya kale kuliko Kiingereza. Katika visasili vya Wagiriki, Hecuba, malkia wa Troy, alipokuwa mjamzito aliota kwamba amezaa kinga cha moto. Mtoto aliyezaliwa alikuwa Paris, yule aliyemchukua Helen na kusababisha vita vilivyouteketeza mji wao. Shakespeare aliitumia habari hiyo katika tamthilia ya Troilus and Cressida, pale Cassandra anapomwita Paris, ndugu yake, kwa neno hili hili. Tuangalie kwa makini: Paris hakuwa mhutubu wala hakuwashawishi watu waandamane. Aliitwa hivyo kwa sababu moto uliingia mjini kupitia kwake.

Katika magazeti ya leo neno hili hupewa mwanasiasa, mhubiri au kiongozi wa chama cha wafanyakazi mwenye maneno makali na asiyeogopa wakubwa. Linaweza kuwa lawama na linaweza kuwa sifa. Gazeti linalompinga mtu likimwita hivyo, wasomaji wake husikia hatari. Gazeti linalompenda likimwita vivyo hivyo, wasomaji husikia ushujaa. Neno lenyewe hukaa katikati, na muktadha ndio unaolisukuma upande huu au ule.

Kinga, kijinga na kienge

Kiswahili hakikukosa jina la kitu chenyewe. Kuni inayowaka au iliyoungua nusu huitwa kinga cha moto, wingi wake vinga, na pia kijinga cha moto, wingi vijinga. Wanafunzi wetu waliolelewa katika jiko la mafiga wanakijua kitu hiki hata kama hawajui jina lake. Chakula kikishaiva, mama huzivuta kuni nje ya mafiga, huzizima kwa majivu au maji, na vile vipande vyeusi huwekwa kando vitumike kesho.

Shida ya maneno haya ni kwamba yana majirani wenye kelele. Kijinga kinafanana na neno linalotokana na ujinga, kwa hiyo "mbunge kijinga" husikika kama tusi. Ndiyo maana darasa lilicheka. Kinga nacho kinafanana na kinga ya maradhi, na hata na kinga ya wabunge, yaani ile haki ya mbunge kutoshtakiwa kwa maneno aliyoyasema bungeni. Upatanisho wa kisarufi huyatofautisha: kinga cha moto kimewaka, lakini kinga ya mbunge imeondolewa. Lakini msomaji wa gazeti hasubiri upatanisho. Hushika neno la kwanza analolijua.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba kinga, katika tamathali za Kiswahili, hakikuelekea upande wa fujo. Tunayo methali isemayo: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maana yake ni kwamba kinga kimoja peke yake huzimika, lakini vikikutanishwa viwili au vitatu moto hushika. Ni methali ya ushirikiano, ndugu wa ile ya jifya moja kutoinjika chungu. Kwa Mswahili aliyeitunga, kuni inayowaka ilimkumbusha umoja. Kwa Mwingereza, ilimkumbusha mtu wa hatari. Kitu ni kile kile, jiko ni lile lile, lakini jamii mbili zimeona mambo mawili.

Biblia inatupa ushahidi mwingine, na wengi wa wasomaji wetu wanayo nyumbani. Katika tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, wafasiri walitumia kinga katika Isaya 7, ambapo wafalme wawili wanaomtisha mfalme wa Yuda wanafananishwa na mabaki ya kuni yanayofuka moshi. Hapo sitiari ni ya dharau: hawa wawili wamekwisha, wasikutishe. Katika Amosi 4 na Zekaria 3 neno ni lile lile kinga, lakini sitiari imegeuka. Ni mtu au watu waliookolewa motoni dakika ya mwisho. Katika Waamuzi 15, Samsoni anapofunga moto kwenye mikia ya mbweha ili kuchoma mashamba ya Wafilisti, wafasiri hawakutumia kinga bali kienge, yaani mwenge mdogo unaofungwa makusudi kwa ajili ya kuwasha.

Tukizipanga sehemu hizo pamoja tunaona silaha, kitu kinachozimika, na kitu kilichookolewa. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James sehemu zote hizi zina "firebrand", isipokuwa Zekaria, ambapo pana "brand" peke yake. Hakuna hata moja inayomaanisha mtu anayewatia watu hasira. Hivyo basi, maana ya kitamathali haimo ndani ya kuni ikisubiri kuokotwa. Jamii ndiyo huichagua, na jamii nyingine huchagua vingine.

Mchochezi: mkono ulio nje ya moto

Sasa tulitazame neno la pili. Kitenzi -chochea katika maana yake ya msingi ni kusukuma kuni ndani ya jiko ili moto uwake zaidi. Hapo zamani watu walichochea pia utambi wa taa ili mwanga uongezeke. Anayechochea hukaa kando. Anautazama moto, anaupima, na mkono wake haugusi ndimi za moto. Kinachoungua ni kuni.

Maana ya kitamathali ya kitenzi hiki si mbaya hata kidogo. Tunasema sera nzuri huchochea maendeleo, na mwalimu bora huchochea fikra za wanafunzi. Katika masomo ya sayansi, kichocheo ni dutu inayoharakisha mmenyuko wa kikemikali, na hakuna mwanafunzi wa kemia anayeiogopa. Hata uchocheaji, kama katika "uchocheaji wa uchumi", husomwa bila wasiwasi.

Mambo hubadilika pale tu tunapomtaja mtu. Kutokana na -chochea tunapata mchochezi, kwa utaratibu ule ule unaotupatia mtetezi kutokana na -tetea na mlezi kutokana na -lea. Kimofolojia mchochezi, mtetezi na mlezi ni watoto wa nyumba moja. Kimaana wametengana kabisa. Mlezi na mtetezi husifiwa, mchochezi hukamatwa. Sijawahi kusikia mtu akikaribishwa jukwaani kwa heshima kama "mchochezi wetu wa maendeleo", ijapokuwa sarufi ingeruhusu. Nominisho uchochezi nalo limefungwa upande huo huo mbaya. Hapa walimu wenzangu tuna mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba viambishi hubeba historia pamoja na sarufi.

Lugha za jirani zinatusaidia kuelewa. Katika Luganda watu husema "okukuma omuliro mu bantu", yaani kuwasha moto ndani ya watu, na maneno hayo husikika mara nyingi katika taarifa za habari mtu anapotuhumiwa kuchochea ghasia. Hapa pia watu ndio kuni, na mtuhumiwa ni yule mwenye mkono. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala anapoandika "mchochezi" hafuati kamusi tu. Anafuata pia sitiari aliyoizoea nyumbani. Sitiari hiyo ni halali, ila si ile iliyomo katika matini chanzi.

Kosa langu mwenyewe

Siandiki haya ili kuwalaumu wanafunzi. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri ratiba ya mkutano uliohusu haki za wafanyabiashara wadogo. Miongoni mwa wazungumzaji alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akiwatetea wauzaji wa sokoni. Maelezo yake ya Kiingereza, yaliyoandikwa na watu waliompenda, yalimwita "firebrand". Kazi ilikuwa ya haraka, nami nikaandika kwamba ni "mchochezi maarufu wa haki za wauza mboga". Niliona sentensi imekaa vizuri, kwa sababu nilidhani "haki" ingelisafisha neno lililotangulia.

Wakati wa chai mama yule alinitafuta akiwa ameshika karatasi ile. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nimelala korokoroni kwa neno hili. Siku ile polisi ndio walioniita hivi. Leo ninyi mmenialika, na mnaniita vile vile?" Nilimwomba radhi, nikaanza kumweleza habari za visawe na muktadha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hayo ni ya darasani. Mimi naomba watoto wangu wasiisome karatasi hii." Tulizikusanya nakala tulizoweza kuzipata. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuondoka na wageni.

Siku ile nilijifunza jambo ambalo shahada ya uzamili haikunifundisha. Nadharia ya ulinganifu niliijua. Lakini sikuwa nimejiuliza ni nani atakayelibeba neno baada ya mimi kulipwa.

Neno la mahakamani

Kwa nini neno hili liwe zito hivyo katika nchi zetu? Ni kwa sababu limekaa mahakamani muda mrefu. Sheria za kikoloni zilikuja na kosa la kutoa maneno yanayowafanya raia wachukie serikali, na Kiswahili kililiita uchochezi. Zilikuja pia na kosa jingine la kuwahimiza watu watende jinai au vurugu, na hilo nalo tukaliita uchochezi. Kiingereza cha sheria kina maneno mawili kwa makosa hayo mawili. Kiswahili cha kawaida kimeyaweka katika kapu moja, na matokeo yake mtu aliyeikosoa serikali na mtu aliyesema "wauaweni" hupewa jina lile lile.

Makosa hayo mawili hayakuwa na safari moja. Kosa la kuichafua serikali kwa maneno liliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997. Hapa Uganda Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake mwezi Agosti 2010, katika shauri lililofunguliwa na mwanahabari Andrew Mwenda na wenzake, kwa msingi kwamba vinapingana na uhuru wa kujieleza. Kosa la kuhimiza vurugu halikufutwa kwa hukumu hiyo. Lakini mwandishi wa Kiswahili anayeandika "uchochezi" bila maelezo hamwonyeshi msomaji ni kosa lipi linalozungumzwa: lile lililofutwa au lile lililobaki.

Historia ya ukombozi nayo inatuonya. Harry Thuku, karani wa simu jijini Nairobi, alikamatwa Machi 1922 kwa sababu ya harakati zake dhidi ya kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Watu walipokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, walipigwa risasi na wengi wakafa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akakaa mbali na kwao karibu miaka tisa. Kwa macho ya serikali ya kikoloni alikuwa mkono uliochochea. Kwa macho ya waliokusanyika alikuwa kinga kilichowaka mbele yao. Na tusiifanye hadithi iwe nyepesi: alipokuwa amefungiwa ndani, walioanguka nje walikuwa wengine. Kinga huungua chenyewe, lakini pia huunguza. Miaka ya baadaye Thuku huyo huyo aliipinga Mau Mau na akahesabiwa kuwa rafiki wa serikali. Jina mtu alilopewa 1922 lisingemfaa 1952.

Visawe vingine na kasoro zake

Tuseme basi kwamba tumelikataa neno mchochezi. Tutaweka nini mahali pake? Yafuatayo ni mapendekezo yaliyotolewa darasani, pamoja na maoni yangu.

Machachari. Magazeti ya Tanzania yamelizoesha neno hili: mbunge machachari ni yule asiyetulia, mwenye maswali na hoja nyingi. Lina faida ya kutokuwa na harufu ya jinai. Kasoro yake ni wepesi. Mtoto anayerukaruka naye ni machachari, na pia mshambuliaji wa mpira. Moto wa neno la Kiingereza umepungua ukawa uchangamfu.

Mwanaharakati. Hili ni la heshima, lakini linataja kazi ya mtu, halitaji tabia yake. Wapo wanaharakati wapole wanaoandika ripoti ofisini. Ukilitumia, ongeza kivumishi.

Mkereketwa. Huyu ni mtu mwenye uchungu na chama au itikadi yake. Uchungu upo, lakini mkereketwa kwa kawaida huwa mwaminifu kwa wakubwa wake, ilhali "firebrand" mara nyingi huwasumbua hata wa chama chake.

Mwenye msimamo mkali. Siku hizi maneno haya yamechukuliwa na habari za ugaidi. Kumpa mbunge wa kawaida ni kumtoa jela moja na kumtia nyingine.

Moto wa kuotea mbali. Nahau hii nzuri imebaki kwenye moto, na inaeleza kwamba mtu huyu ni wa kuogopwa na hakaribiwi ovyo. Inafaa pale ambapo matini chanzi inasifu. Inapolaumu, haifai.

Mwenye maneno ya moto, au mwenye ulimi wa moto. Binafsi naona maneno haya yanakaribia zaidi kuliko mengine. Yanautunza moto, yanamwachia msomaji aamue kama ni wa nuru au wa kuteketeza, na hayamfungulii mtu mashtaka. Ni marefu kidogo kwa kichwa cha habari, hilo nakubali.

Kama ilivyo dhahiri, hakuna kisawe kimoja kinachotosha kila mahali. Kamusi ikitoa neno moja tu, itakuwa imemsaidia mwanafunzi kufaulu zoezi na imemnyima uwezo wa kutafsiri.

Lakini yupo mchochezi wa kweli

Msomaji asije akadhani nataka tulifute neno mchochezi au tulilainishe. Mwaka 1993 nchini Rwanda kilianzishwa kituo cha redio cha RTLM, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watangazaji wake waliwahimiza watu waue. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa sababu ya redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Hapo sitiari ya Kiswahili inakaa barabara. Mtangazaji aliketi studio, na mikono iliyoshika panga ilikuwa ya wengine. Alisukuma kuni, naye alikuwa nje ya jiko. Mtu akiandika kwamba wale walikuwa "watangazaji machachari", au hata "wenye ulimi wa moto", atakuwa amewatukana waliokufa. Wanafunzi wetu waliotoka Rwanda hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Na hii ndiyo sababu kubwa ya kulitunza neno lenyewe. Tukimwita mchochezi kila mbunge anayepiga meza, kila mama anayedai choo cha soko na kila mwanafunzi anayeongoza mgomo, siku atakapotokea mchochezi wa kweli tutakuwa hatuna jina la kumwita. Neno litakuwa limechakaa kwa kutumiwa ovyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba "firebrand" na "mchochezi" hukutana jikoni tu. Yanapoingia katika maana ya kitamathali, moja hushika kuni na jingine hushika mkono. Kwa hiyo napendekeza kwamba mwanafunzi anapokutana na neno la namna hii ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika. Kwanza, matini chanzi inasifu, inalaumu au inaeleza tu? Pili, ni nani anayeungua: ni mtu anayetajwa, au ni watu aliowasukuma? Tatu, neno ninaloliweka lina maana gani mahakamani na kituo cha polisi katika nchi ya msomaji wangu?

Swali la tatu halimo katika vitabu vingi vya tafsiri, lakini kwetu ni la lazima. Tangu Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, tumekuwa tukiwaandaa vijana wa kufanya kazi bungeni, mahakamani na katika vyombo vya habari. Kule hawatasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nimesema hapo juu kwamba "brand" ni chapa vilevile, ile inayopigwa kwa chuma cha moto. Ng'ombe aliyepigwa chapa huenda nayo hadi machinjioni, hata kama mwenye chuma alikosea zizi.

Kuhusu zoezi la muhula uliopita, niliamua kutompunguzia mtu alama kwa kuandika "mchochezi", kwa kuwa nami nimewahi kuliandika. Niliwarudishia karatasi, nikawataka waandike upya sentensi ile moja na kutetea uchaguzi wao kwa aya moja. Yule kijana wa kijinga cha moto aliandika, "mbunge mwenye maneno ya moto". Chini yake alieleza kwamba amekiondoa kijinga kwa sababu ya kicheko, lakini hakukubali kuuondoa moto. Nilimpa alama zote. Walimu watakaojaribu zoezi hili katika madarasa yao naomba wailetee idara majibu ya wanafunzi wao, hasa yale yatakayochekesha.